Jedwali limepata jina jipya, wanaoliita kwa jina la zamani tuwafanyeje?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye ninayetunza mfumo wa chama chetu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, Nyanda za Juu Kusini. Tunatumia kanzidata ya PostgreSQL 16. Jedwali letu kuu linaitwa "wateja" ingawa waliomo ni wanachama. Sasa tumefungua duka la pembejeo linalouzia mtu yeyote, kwa hiyo nataka jedwali la sasa liitwe "wanachama", kisha jina la "wateja" nilipe jedwali jipya la wanunuzi wa dukani. Kolamu ya "simu" nayo nataka iitwe "namba_ya_simu", maana inachanganywa na "aina_ya_simu". Tatizo ni kwamba jedwali hili linatumiwa na mfumo wa wavuti, programu ya simu ya wakulima, skripti za usiku, makarani wa vituo (kila mmoja anaona wakulima wa kituo chake tu, tumefunga hilo ndani ya kanzidata), na mhasibu anayevuta data kwa Excel. Siwezi kuvirekebisha vyote usiku mmoja. Nimesikia jedwali linaweza kupewa jina la pili kwa muda. Inafanyikaje, na hatari yake ni ipi?*

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Njia ipo na ni nyepesi kuliko unavyoiogopa. Ila ndani ya swali lako kuna ombi moja nitakalolikataa, hilo la kulipa jedwali jipya jina la "wateja". Nitalifikia.

Kwanza ujue kwamba kubadilisha jina la jedwali kwenye PostgreSQL hakugusi data hata chembe. Kanzidata inalijua jedwali kwa namba, OID, na jina ni maandishi tu yaliyowekwa kando ya namba hiyo katika orodha za mfumo. Uwe na wakulima mia tatu au milioni tatu, amri ya kubadilisha jina inafuta neno moja na kuandika jingine. Kila kinacholishika jedwali kwa namba kinabaki imara: funguo za kigeni (kolamu zinazoelekeza kwenye jedwali jingine), faharasa (index), triga (amri zinazojiendesha data ikibadilika), sera za kuficha mistari, ruhusa ulizogawa. Wanaoyumba ni wale wanaoliita kwa jina: msimbo wa mfumo wa wavuti, skripti, faili la Excel, na funksheni ulizoandika kwa PL/pgSQL, lugha ya PostgreSQL yenyewe, kwa sababu mwili wa funksheni hizo umehifadhiwa kama maandishi na majina yaliyomo hutafutwa wakati wa kuiendesha.

Kwa hiyo jedwali lenyewe halina shida yoyote. Shida ni watu wanaoliita, na ukweli kwamba hawawezi kujifunza jina jipya siku moja. Hapo ndipo lakabu inapokuja: jina la zamani linabaki likijibu, lakini linaelekeza kwenye kitu kilekile chenye jina jipya. Mtaani mnamwita Mama Neema, kitambulisho kina jina jingine, na hakuna anayedhani ni watu wawili.

Baadhi ya kanzidata zina kitu maalumu cha kazi hii. Oracle ina SYNONYM, kisawe, na SQL Server nayo ina kisawe chake tangu toleo la 2005. Db2 wanakiita ALIAS. PostgreSQL haina, wala MySQL. Usisikitike, maana kisawe ni cha jina la jedwali zima tu, hakiwezi kuipa kolamu jina la pili, na wewe una kolamu ya kubadilisha. Hata ungekuwa Oracle, ningekupeleka kwenye kile SQL inachokiita VIEW, nami hapa nitakiita mwonekano: ulizo (query) lililohifadhiwa kwa jina, linaloonekana kwa mtumiaji kama jedwali. Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, mwonekano rahisi wa PostgreSQL, unaochota kolamu za jedwali moja bila kujumlisha wala kuunganisha chochote, hupokea INSERT, UPDATE na DELETE (kuingiza, kubadilisha na kufuta mistari) na kuzipitisha moja kwa moja kwenye jedwali lililo nyuma yake. Huhitaji triga.

Uelekeo wa lakabu ni muhimu. Jina jipya liwe la jedwali halisi, la zamani liwe mwonekano. Nimeona watu wakifanya kinyume kwa woga: jedwali wanaliacha na jina lake la zamani, kisha wanatengeneza mwonekano wenye jina jipya. Inafanya kazi, lakini haina mwisho. Kila anayetaka kuongeza kolamu au faharasa analazimika kulijua jina la zamani, na miaka mitano baadaye bado mna majina mawili na hakuna anayekumbuka sababu. Kinyume hicho kinafaa pale tu jedwali si lako, kwa mfano mfumo mliouziwa ambao huna ruhusa ya kuugusa.

Kwako wewe kazi yote ni hii:

```
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '2s';

ALTER TABLE wateja RENAME TO wanachama;
ALTER TABLE wanachama RENAME COLUMN simu TO namba_ya_simu;

CREATE VIEW wateja WITH (security_invoker = true) AS
  SELECT id, jina, namba_ya_simu AS simu, aina_ya_simu,
         kijiji, kituo_id, tarehe_kujiunga
  FROM wanachama;

GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON wateja TO mfumo_wavuti;
GRANT SELECT ON wateja TO skripti_usiku, karani, mhasibu;

COMMENT ON VIEW wateja IS
  'Lakabu ya muda ya wanachama. Iondolewe baada ya malipo ya mwisho ya msimu.';
COMMIT;
```

Majina ya kolamu na ya watumiaji nimeyakisia, weka ya kwenu. Zipange kolamu kwa mfuatano uleule wa jedwali la zamani, kwa sababu kuna mahali fulani kwenye msimbo wenu, nina hakika, ambapo mtu ameandika INSERT bila kutaja kolamu, au amesoma matokeo kwa nafasi badala ya jina.

Kwa kuwa PostgreSQL inaziruhusu amri hizi ndani ya muamala mmoja (kuanzia BEGIN mpaka COMMIT, zinapita zote au hazipiti kabisa), watumiaji wengine hawataona kamwe sekunde ambayo "wateja" haipo. Kabla ya COMMIT wanaona jedwali, baada ya COMMIT wanaona mwonekano. Namba za id zitaendelea kujijaza zenyewe, maana anayeingiza mstari kupitia mwonekano bila kutaja id anapewa thamani ya kawaida ya jedwali lililo nyuma. RETURNING (kurudishiwa mstari ulioingizwa) inafanya kazi, ON CONFLICT (cha kufanya mstari ukigongana na uliopo) pia. Na usihofu kasi. Mpangaji wa maulizo huufumua mwonekano wa namna hii na kulisoma jedwali moja kwa moja kwa faharasa zilezile.

Mstari wa lock_timeout usiuache. Kubadilisha jina kunadai kufuli kali kuliko yote, linalozuia hata SELECT, yaani kusoma tu. Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, lakini kulipata hilo kufuli ndiko kwenye shida. Mhasibu wako akiwa amefungua ulizo la dakika nne kwenye Excel, amri yako itamsubiri, na kila anayekuja baada yako, hata wa kusoma jina moja tu, atapanga foleni nyuma yako. Kwa hiyo amri ya sekunde sifuri inausimamisha mfumo mzima kwa dakika nne, na simu zinaanza kuingia kutoka vituoni. Ukiweka sekunde mbili, amri inakata tamaa, muamala wote unarudishwa, foleni inaachiliwa, nawe unajaribu tena baada ya muda. Ikishindikana mara tano mfululizo, angalia pg_stat_activity, orodha ya walioingia kwenye kanzidata na wanachofanya. Mara nyingi utamkuta mtu aliyefungua muamala asubuhi, akaenda kunywa chai, akauacha wazi.

Sasa hatari. Nitaanza na ile iliyoniuma mimi mwenyewe.

Katika ofisi moja niliyowahi kuihudumia tulibadilisha jina la jedwali kubwa kwa njia hiihii, tukaacha mwonekano wenye jina la zamani, na kila kitu kikaendelea vizuri mno. Hakuna aliyelalamika. Wiki sita baadaye mtu alifuta rekodi kwa bahati mbaya, tukaenda kwenye nakala rudufu ya usiku ili tuirejeshe, tukakuta faili la kilobaiti chache. Skripti ya usiku ilikuwa inaendesha pg_dump, programu ya kuchukua nakala rudufu, kwa chaguo la -t na jina la zamani. Ukimwomba pg_dump jedwali anakupa jedwali pamoja na data yake, lakini ukimpa jina la mwonekano anakupa maelezo ya mwonekano tu, ile amri ya CREATE VIEW, bila mstari hata mmoja wa data. Na hasemi kuna kosa. Anamaliza salama, skripti inatuma barua pepe ya "imekamilika", sisi tunalala. Wiki sita! Kilichotuokoa ni nakala ya kanzidata nzima iliyokuwa ikichukuliwa kila Jumapili. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, fungua kila skripti ya nakala rudufu na utafute neno "wateja". Hiyo ndiyo ya kwanza kurekebishwa, na irekebishwe usiku uleule.

Ukiitafakari habari hiyo utaona kwamba lakabu haikuvunja kitu. Ilijibu. Shida ilikuwa kwamba ilijibu kitu tofauti kidogo na kilichoulizwa, kwa sauti ya upole. Makosa mengine ya lakabu hupiga kelele, na hayo hayanisumbui sana: TRUNCATE (kufuta mistari yote) kwenye mwonekano itakataa, ALTER TABLE ya kuongeza kolamu itakataa, kutengeneza faharasa kutakataa, ufunguo mpya wa kigeni unaoelekeza kwa "wateja" utakataliwa. COPY ya kuingiza data kwenye mwonekano nayo itakataa, isipokuwa umeweka triga yake. Yote hayo utayaona siku ya kwanza kwenye seva ya majaribio, utayarekebisha, basi.

Lipo moja la kelele ambalo huwashangaza hata wazoefu. Angalia ripoti zenu za mapokezi ya kahawa kama zina kitu kama hiki:

```
SELECT w.id, w.jina, w.kijiji, SUM(m.kilo)
FROM wateja w JOIN mapokezi m ON m.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id;
```

Leo linapita, kwa kuwa PostgreSQL inajua id ni ufunguo mkuu wa jedwali, hivyo jina na kijiji haviwezi kutofautiana ndani ya id moja. Mwonekano hauna ufunguo mkuu. Ulizo hilohilo kesho litakataliwa, likidai jina na kijiji viandikwe kwenye GROUP BY. Dawa ni kuviandika tu, lakini ni bora uijue leo kuliko saa tano usiku. Kwa sababu hiyohiyo, kama kuna mtu amelifunga jedwali kwenye Microsoft Access ili alihariri, Access itaanza kumuuliza kolamu ipi inamtambulisha kila mtu. Excel ya kusoma tu haina neno.

Hatari ya kimya iliyo kubwa kwenu ni hao makarani. Umesema kila karani anaona wakulima wa kituo chake tu. Kwa kawaida mwonekano wa PostgreSQL hulisoma jedwali kwa haki za aliyeutengeneza, si za anayeuliza. Wewe ndiye mwenye jedwali, na sera za mistari hazimbani mwenye jedwali ila ameamuru hivyo mwenyewe. Matokeo yake, mwonekano wa kawaida ungemfungulia karani wa kituo kimoja orodha ya wakulima wote na namba zao za simu, na asingejua hata yeye kwamba jana hakuwa anaziona. Ndiyo maana nimeweka security_invoker, iliyoletwa na toleo la 15 mwaka 2022. Inaagiza kwamba haki ziangaliwe za yule anayeuliza. Makarani tayari wana ruhusa zao kwenye jedwali halisi, na ruhusa hizo zilihama nalo lilipobadilishwa jina, kwa hiyo sera itawakuta palepale. Msomaji mwingine mwenye toleo la 14 au chini yake na sera za namna hii, asitumie njia hii kabla ya kupandisha toleo. Usiamini maneno yangu tu: kwenye seva ya majaribio ingia kama karani, hesabu mistari ya wateja kabla na baada. Namba zikitofautiana, rudisha.

Programu ya simu ya wakulima ni habari nyingine. Najua haiongei na kanzidata moja kwa moja, inapitia seva yenu ya kati, kwa hiyo utasema haihusiki. Huenda inahusika sana. Angalia kama seva hiyo inachukua matokeo ya ulizo na kuyageuza JSON, maandishi ya kubadilishana data, bila kubadilisha majina. Kama ndivyo, jina la kolamu limeshatoka nje ya nyumba: simu ya mkulima inasubiri kitu kinachoitwa "simu". Siku utakapoielekeza seva ya kati kwenye jedwali jipya, itatuma "namba_ya_simu", na programu iliyoko mkononi mwa mzee ambaye hajawahi kusasisha chochote tangu mjukuu wake alipomwekea itaonyesha nafasi tupu. Hapo lakabu unaiweka kwenye ulizo lenyewe, `namba_ya_simu AS simu`, na unaiacha mpaka toleo la zamani la programu litoweke, jambo ambalo huenda likachukua miaka. Hilo si deni baya. Jina la ndani na jina la nje havina lazima ya kufanana.

Sasa nirudi kwenye nililokataa.

Kama ungelipa jedwali la duka jina la "wateja", lakabu isingewezekana kabisa, maana jina moja haliwezi kushikwa na vitu viwili ndani ya skima moja, yaani kundi moja la majedwali. Lakini tuseme unasubiri mpaka wote wahame, unaufuta mwonekano, kisha unalitumia jina. Bado nakataa. Fikiria skripti moja iliyosahaulika. Jina likiwa halipo, skripti inagonga ukuta, inaandika kosa kwenye logi, mtu anaamka na kuirekebisha. Jina likiwa limepewa jedwali jingine, skripti inapita bila neno. Mstari wa 17 kwenye wanachama ni mkulima mwenye hekari tatu, na mstari wa 17 kwenye wateja wapya ni kijana aliyekuja kununua mfuko wa mbolea. Ulizo linalounganisha mapokezi na wateja kwa id litakutolea orodha nzuri, iliyonyooka, yenye kilo za mkulima na jina la kijana. Ujumbe wa "malipo yako ya pili yameingia" utaenda kwenye simu ya mtu asiye na mche hata mmoja wa kahawa. Na utakapogundua, itabidi uwaeleze wakulima kwenye mkutano mkuu, jambo ambalo simtakii mtu.

Jina lililokwisha kutumika kwa maana moja lisirudi kwa maana nyingine ndani ya kanzidata hiyohiyo. Jedwali la duka liite `wateja_duka`. Ningependekeza "wanunuzi", ila kwenye kahawa mnunuzi ni mtu mwingine kabisa, na mnaweza kumhitaji kesho. Uzuri wake ni kwamba jedwali la duka unaweza kulianzisha hata leo, bila kusubiri lakabu iishe.

Na zile kolamu za `mteja_id` zilizotapakaa kwenye mapokezi, mikopo ya pembejeo na kwingineko? Ziache. Zinaelekeza mahali sahihi kwa kuwa ufunguo wa kigeni unafuata namba ya jedwali. Utazibadilisha mojamoja kwa mbinu hiihii ukiwa na nafasi, au hutazibadilisha kabisa na dunia itaendelea. Faharasa na mfuatano wa namba navyo vitabaki na majina kama `wateja_pkey` na `wateja_id_seq`. Usivipe majina mapya usiku uleule. Kuna msimbo wa zamani unaoitaja `wateja_id_seq` kwa jina, na hiyo huwezi kuiwekea mwonekano.

Mionekano mliyokuwa nayo awali juu ya jedwali hilo itaendelea bila kuguswa, na ukiifungua utaona PostgreSQL imeshaandika jina jipya yenyewe, na kwenye kolamu imeandika namba_ya_simu AS simu. Imejiwekea lakabu kabla yako.

Baada ya hapo unahamisha watumiaji mmojammoja, bila haraka. Mfumo wa wavuti wiki hii, skripti wiki ijayo, mhasibu siku ukipata nafasi ya kukaa naye. Kinachobaki ni kujua ni nani bado analiita jina la zamani. Takwimu za kawaida za majedwali hazitakusaidia, maana hazihesabu mionekano. Zitakuonyesha tu kwamba wanachama linasomwa, bila kusema kwa jina gani. Washa nyongeza iitwayo pg_stat_statements, inayotunza maandishi ya maulizo yaliyopita. Inahitaji seva izimwe na kuwashwa mara moja, kwa hiyo ifanye kabla ya zoezi hili. Kisha:

```
SELECT r.rolname, s.calls, s.query
FROM pg_stat_statements s
JOIN pg_roles r ON r.oid = s.userid
WHERE s.query ILIKE '%wateja%';
```

Ndiyo maana kila programu iwe na jina lake la kuingilia kwenye kanzidata. Mkiwa mnatumia mtumiaji mmoja kwa kila kitu, ulizo hili litakwambia wateja bado inaitwa, lakini si nani anayeiita. Na wateja_duka naye ataingia kwenye orodha, umruke kwa macho. Funksheni zilizojificha ndani ya kanzidata zitafute kwenye pg_proc, orodha ya funksheni, kolamu ya prosrc, kwa neno hilohilo.

Muda wa kukaa na lakabu usiupange kwa kalenda ya TEHAMA. Upange kwa kalenda ya kahawa. Chama chenu kina skripti za kila usiku, lakini pia kina hesabu ya malipo ya mwisho inayofanywa mara moja kwa msimu, na pengine ripoti ya mkaguzi inayoandaliwa mara moja kwa mwaka na mtu aliyekwisha hama kituo. Miezi mitatu ya ukimya wakati hakuna mavuno haimaanishi kitu. Subiri msimu mmoja mzima upite, malipo ya mwisho yakiwemo.

Ukimya ukishathibitika, usiufute mwonekano papo hapo. Ondoa ruhusa kwanza, mtumiaji mmoja kwa siku: `REVOKE ALL ON wateja FROM skripti_usiku;`. Kama kuna skripti iliyojificha itaanguka kwa kosa la ruhusa, utaliona kwenye logi asubuhi, na kuirudishia uhai ni amri moja ya GRANT. Fanya hivyo kwa mhasibu siku ambayo hafungi hesabu.

Kwa wasomaji wengine wenye MySQL, njia ni ileile kwa tofauti mbili za kuuma. Amri za kubadilisha muundo hujithibitisha zenyewe, huwezi kuzifunga ndani ya muamala, kwa hiyo kati ya RENAME TABLE na CREATE VIEW kuna upenyo mdogo ambamo jina la zamani halipo. Chagua saa ya usiku wa manane. Pia mwonekano wa MySQL hulishika jedwali kwa jina lake: mionekano mliyokuwa nayo juu ya jedwali la zamani itageuka kusoma kupitia lakabu, na siku mkiiondoa lakabu yote itakufa, kwa hiyo iandikeni upya mapema. SQLite inaruhusu kubadilisha jina la kolamu tangu toleo la 3.25 la mwaka 2018, lakini mionekano yake ni ya kusoma tu mpaka uiwekee triga za INSTEAD OF.

Siku ya mwisho, wakati ruhusa zote zimeondolewa na hakuna aliyelia, andika `DROP VIEW wateja;` na uishie hapo hapo, bila CASCADE. Kama kuna mwonekano mwingine uliojengwa juu ya lakabu katikati ya msimu, na kwa uzoefu wangu huwa upo, PostgreSQL itakataa kuifuta na itakutajia jina lake. Ukiongeza CASCADE itaufuta na huo pia.